Mdogo wangu katoka gerezani baada ya miaka sita, anataka kusoma chuo. Tuanzie wapi?

Dada wa Kitangiri (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, leo imenibidi nifungue uzi. Naomba tusitukanane.

Nina mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu. Alimaliza Kidato cha Sita 2018, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), akapata C mbili na D. Akaomba chuo, akachaguliwa. Siku majina yanatoka alikuwa na wiki ya pili mahabusu. Walivunja duka usiku, yeye na wenzake wawili. Sitaki kuja hapa kusema alisingiziwa. Alifanya, na mahakamani alikiri. Akala miaka tisa.

Mwezi wa pili mwaka huu katoka. Mama alikuwa kavihifadhi vyeti vyake kwenye sanduku la vitenge, ndani ya mfuko wa rambo. Mifuko ile ilipigwa marufuku 2019 yeye akiwa ndani, kwa hiyo kakuta vyeti vyake vimo kwenye kitu ambacho ukionekana nacho mtaani sasa ni kosa. Tulicheka kidogo hapo. Alipomaliza kula akaniuliza, "Dada, hivi chuo bado wanaweza kunichukua?" Nikamjibu ndiyo tena kwa sauti, ila ukweli sijui lolote. Mimi nauza dagaa Mwaloni, shule yangu iliishia Kidato cha Nne.

Anaamka saa kumi na nusu alfajiri, anavaa viatu, anasimama karibu na mlango. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye foleni ya ofisi moja, mlinzi akapaza sauti "pangeni mstari, wawili wawili!" Mdogo wangu akachuchumaa. Watu wakacheka wakadhani anatania. Mimi nililia baadaye kwenye bajaji.

Naomba kujua: matokeo ya 2018 bado yanafaa? Mkopo anaweza kupata? Fomu zitamuuliza kama alifungwa? Na akiulizwa ile miaka sita alikuwa wapi, ajibu nini? Anataka sheria, au maendeleo ya jamii.

Kigoda Mbele

Nimeweka kigoda, ngoja waje wajuzi.

Mzee wa Takwimu

Miaka tisa katoka na sita, huo ni msamaha wa Rais wa 26 Aprili au wa 9 Desemba? Kama ni msamaha kuna masharti.

Afande Mstaafu

Huo sio msamaha wa Rais mkuu. Ni theluthi. Sheria ya Magereza ya 1967 inampunguzia mfungwa theluthi moja ya kifungo kama hakuharibu tabia ndani. Tisa toa tatu, sita. Kijana kamaliza kifungo chake, hadaiwi siku hata moja. Natilia mkazo hili kwa sababu mtaani watu wanasema "kaachiwa" kana kwamba kapewa kitu cha bure.

Dada, ile karatasi aliyopewa getini siku anatoka, itoeni nakala tano, na ya asili irudi kwenye sanduku la mama. Nimetumika miaka mingi nimeona vijana wanaichana siku ya kwanza kwa hasira, halafu baada ya mwezi wanarudi getini kuomba nyingine. Na kurudi kwenye lile geti kuomba karatasi ni kazi nzito kuliko wasiowahi kukaa ndani wanavyodhani.

Chuma cha Pua

Samahani mtanichukia. Nina mtoto wa dada yangu ana Division One hajawahi kuiba hata sindano, mkopo kapewa kiduchu, ada tunachangishana ukoo mzima. Sasa tunakaa tunamtafutia njia aliyevunja duka? Nchi hii ukiwa mwema unakula hasara.

Kigoda Mbele

Uzi umeanza kunoga.

Namba ya Zamani

Dada, kama umenizidi shikamoo, kama nimekuzidi marahaba.

Mimi nilikaa miaka saba na miezi kadhaa. Gereza silitaji na chuo sikitaji, maana kuna watu wana mikono mirefu. Shahada ninayo. Iko ukutani kwa mama mkwe, ndiye aliyeiomba.

Nianze na habari njema: matokeo ya Kidato cha Sita hayaozi. Kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, aliyemaliza 2016 na kuendelea anatakiwa prinsipo mbili (masomo mawili makuu aliyofaulu) zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. C zake mbili ni sita tayari, hata ile D hujaigusa. Kila kozi ina masharti yake juu ya hayo, na sheria ina ushindani, lakini mlango mkubwa uko wazi.

Mkopo sasa. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni inataka mwombaji asiwe amezidi miaka 35, na awe amemaliza Kidato cha Sita au sifa linganishi ndani ya miaka mitano iliyopita. Haimtaji mfungwa popote. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaandika kwamba waliofungwa wasipewe. Ila piga hesabu. 2018 weka mitano, 2023. Na 2023 mdogo wako alikuwa anapalilia mahindi ya serikali. Udahili haukuulizi ulikuwa wapi. Mkopo nao haukuulizi ulikuwa wapi, unakuuliza tu ulimaliza lini, na kwa mtu wetu hilo ni swali lile lile limevaa koti.

Mimi nilipita kwa mzunguko: stashahada kwanza, miaka miwili. Ukitoka na GPA (wastani wa alama) kuanzia 3.0 una sifa linganishi ya kuingia shahada, na tarehe yako ya kumaliza inakuwa mpya. Mdogo wako ana kama miaka 27 au 28, akimaliza stashahada bado yuko chini ya 35. Lakini mwongozo hubadilika, kila mwaka usome wa mwaka huo, usisome wa kusimuliwa. Ada ya stashahada mnajitegemea, na hiyo ndiyo sehemu itakayowauma.

Njia nyingine ni Chuo Kikuu Huria. Kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kukaa darasani kutwa, kina vituo mikoani, na hapo Mwanza kipo. Anasoma huku anakusaidia dagaa. Wengine watakwambia Huria ni ngumu kwa sababu huna mwalimu wa kukusukuma. Kweli. Lakini mtu aliyesoma kitabu kwa taa ya koridoni huku nyapara, mfungwa msimamizi, anapiga kelele hahitaji sana wa kumsukuma.

Sasa kabla ya hayo yote, laini ya simu. Nasema kwa uzito. Laini aliyokuwa nayo 2018 imekufa. Laini zote zilitakiwa zisajiliwe upya kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, mwisho ukawa Januari 2020. Ukiwa ndani huna dole la kupeleka kwa wakala. Kwa hiyo mtu anatoka hana NIDA, bila NIDA hana laini kwa jina lake, bila laini hana namba ya kupokelea ujumbe wa chuo, bila huo ujumbe hathibitishi udahili, na bila simu hata kulipa kwa kontrol namba anaazima simu ya mtu. Mimi mwaka wa kwanza niliukosa hapo. Niliomba kwa namba ya binamu, ujumbe wa kuthibitisha ukaja binamu yuko machimboni Geita hana mtandao siku tisa. Chuo kikampa nafasi mwingine. Sikukosa kwa sababu ya jela. Nilikosa kwa sababu ya laini.

Fomu ya chuo haikuniuliza kama nimewahi kufungwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima, hakuna aliyeihitaji. Fomu ya mkopo, nilipofikia kuijaza baadaye, ndiyo iliyonipeleka kwa watu: sahihi ya serikali ya mtaa, na mdhamini. Mwenyekiti wetu alikaa na karatasi yangu siku nne, anasema muhuri uko kwa mtendaji, mtendaji anasema uko kwa mwenyekiti. Mama akaenda na kuku. Sijui kama kuku ndiye aliyefungua droo, ila droo ilifunguka.

Naendelea baadaye, bosi anapita.

Dada wa Kitangiri

Nimesoma huku natetemeka. NIDA hana. Kesho naenda naye.

Mwalimu wa Semina

Nafundisha chuo, sikitaji. Nilishapata wanafunzi wa aina hii watatu ninaowajua, na pengine wengine nisiowajua. Mnachodhani kitawashinda, yaani masomo, sicho. Hawakosi kipindi. Wanafika kabla ya mfagiaji. Kinachowashinda ni kuuliza. Mwanafunzi wa kawaida akikosa alama ya jaribio atakuja mlangoni kwangu mara tatu, atanitumia ujumbe usiku. Huyu alama yake ikipotea ananyamaza, kwa sababu alikotoka anayedai huonekana mkorofi. Mmoja alirudia somo zima kwa sababu karatasi yake ilihesabiwa kwa mtu wa jina linalofanana, na hakusema. Niligundua mwaka uliofuata.

La pili ni kazi za vikundi. Siku hizi kila kikundi kina WhatsApp. Mwenye kitochi anajikuta jina lake limeachwa, si kwa ubaya, ila hawakumwona. Kama ukoo unachanga, changeni simu janja ya mtumba kabla ya suti ya siku ya kufungua chuo.

Amwambie mtu mmoja. Sio darasa zima, sio kikundi. Mmoja: mshauri wa wanafunzi au mhadhiri atakayemwona ana kifua. Mmoja anatosha, siku akichuchumaa kwenye foleni ya mtihani awepo wa kumshika mkono bila kuuliza.

Kuhusu sheria: kusoma LLB, shahada ya sheria, ni jambo moja, kuwa wakili ni jingine. Baada ya shahada kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, kisha maombi kwa Jaji Mkuu, na hapo suala la tabia ya mwombaji linaangaliwa. Sisemi haiwezekani. Nasema aingie akijua, asije akaambiwa mwaka wa sita. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mtu anayejua mahabusu ilivyo ana cha kuwapa watu ambacho mimi na joho langu sina.

Chuma cha Pua

Mwalimu, sijajibiwa. Mpwa wangu je?

Namba ya Zamani

Chuma, nakujibu mimi. Mpwa wako anastahili mkopo kamili na nikiwa na kura namwekea. Lakini hebu ona, mdogo wake dada hachukui fungu la mpwa wako, maana kwenye huo mstari wa mkopo hata hayupo, keshatolewa na kalenda. Sijaomba tupewe zaidi. Na adhabu aliyopewa na hakimu ilikuwa miaka tisa ya kifungo, hakimu hakusoma "na usisome tena."

Niliporwa Buguruni

Nimeusoma uzi tangu mwanzo, nataka kusema kitu bila ugomvi. Mimi nilivunjiwa duka. Sio duka hilo, jingine. Mtaji wa miaka minne ulikwenda usiku mmoja na mke wangu akapoteza mimba wiki ile ile, sijui kama vinahusiana ila kwangu vimeshikana. Kijana mmoja alifungwa. Nikisikia leo yuko chuo sijui nitajisikiaje. Pengine vizuri, pengine nitazima simu siku mbili. Dada simlaani mdogo wako. Nimeona tu kwamba humu kila mtu anamzungumzia aliyetoka.

Dada wa Kitangiri

Kaka pole sana. Sina neno la kukuambia. Mwenye duka la huku alishahama, tulimtafuta mama alitaka kwenda kumwangukia, hatukumpata.

Mbeba Boksi Oakland

Wakuu salaam kutoka California. Huku kuna kitu nadhani kinafaa hapa.

Miaka ya 1950 jamaa mmoja anaitwa John Irwin alifungwa miaka mitano gereza la Soledad kwa ujambazi wa kutumia silaha. Alianza kusoma akiwa ndani, akatoka akaendelea, akaishia kuwa profesa wa sosholojia San Francisco State. Mwaka 1967 akaanzisha pale chuoni mpango unaitwa Project Rebound. Wazo lake lilikuwa jepesi: mtu anayetoka gerezani aingie chuoni moja kwa moja, asikae mtaani kwanza "ajirekebishe", kwa sababu huko mtaani ndiko anakopotelea. Ofisi yenyewe ikaendeshwa na waliokwisha kufungwa. Mfungwa anaandika barua akiwa ndani, anajibiwa barua na mtu aliyekuwa kwenye selo kama yake: leta hiki, jaza hiki, ukifika geti la chuo niulizie mimi. Irwin alifariki 2010. Tangu 2016 mpango umesambaa kwenye kampasi nyingine za mfumo wa California State. Berkeley nako wanafunzi waliowahi kufungwa walijianzishia wao wenyewe chama chao, Underground Scholars, 2013.

Msije mkadhani huku ni peponi. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya jinai iliyowanyima wafungwa ruzuku ya masomo inayoitwa Pell. Madarasa mengi ya vyuo magerezani yakafa. Likaja jaribio dogo 2015, Bunge likairudisha ruzuku kwa sheria ya Desemba 2020, na ikaanza kutumika rasmi Julai 2023. Karibu miaka thelathini imepita katikati hapo. Na fomu nyingi za vyuo zilikuwa zinauliza "umewahi kutiwa hatiani?" California ikapiga marufuku vyuo kuuliza hivyo wakati wa udahili, kwa sheria ya 2020. Kwa hiyo hapo kwenu, kama alivyosema Namba ya Zamani, fomu haiulizi. Kuna watu huku wamepigania hilo nusu ya maisha yao.

Kwa Chuma cha Pua: shirika la utafiti la RAND lilikusanya tafiti za miaka mingi, likatoa ripoti 2013. Walioshiriki elimu wakiwa gerezani, uwezekano wao wa kurudi ulikuwa chini kwa asilimia 43 ukilinganisha na wasioshiriki. Nakubali kwamba anayejiandikisha darasani pengine tayari kaamua kubadilika, kwa hiyo si yote ni kazi ya kitabu. Lakini hata ukiipunguza nusu, bado ni maduka mengi ambayo hayakuvunjwa.

Chuma cha Pua

Hiyo ya maduka umeniweza kidogo. Kidogo.

Mzee wa Takwimu

Boksi, hiyo ofisi wanawapa pesa au ushauri tu?

Mbeba Boksi Oakland

Vyote kwa kiasi. Kujaza maombi, vitabu, wakati mwingine chakula na nauli. Lakini nilimuuliza dada mmoja aliyepitia huko ni kipi hasa kilimsaidia, nikidhani atasema pesa. Akasema kilikuwa ni kochi. Ofisi ina kochi, akitoka kwenye kipindi ambacho hakuelewa anakwenda kukaa pale na watu ambao hawahitaji kuelezwa.

Wa Kamiti Road

Hamjambo majirani. Niko Nairobi. Nimeona mmesahau mambo ya huku kwetu Afrika Mashariki mmekimbilia California.

Susan Kigula wa Uganda. Alihukumiwa kunyongwa 2002, akawekwa gereza la Luzira. Akaongoza kesi yeye na wenzake 417 waliosubiri kitanzi, wakipinga sheria iliyomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kuangalia mazingira. Wakashinda Mahakama ya Katiba 2005, na Mahakama ya Juu ikathibitisha Januari 2009. Watu wengi wakabadilishiwa hukumu, yeye akapewa miaka ishirini, akatoka Januari 2016. Akiwa humo ndani alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa masafa. Mpango uliomsaidia ulianzishwa na Alexander McLean, ukiitwa African Prisons Project, siku hizi Justice Defenders. Hapa Kenya ulifika gereza la Kamiti, wafungwa na maafisa wa magereza wakasoma sheria ile ile. Wazia askari na mfungwa wakingojea matokeo ya mtihani mmoja.

Lakini sasa ndugu zangu, shida ya huku ni ukitoka. Ndani una mwalimu, una vitabu, una wenzako wa kubishana nao usiku. Nje una cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ambacho kila mwajiri anakidai na chako kimeandikwa kesi yako. Nilimjua mmoja aliyekuwa akiwaandikia wenzake rufaa zinashinda kortini. Alipotoka alikaa mwaka mzima akiuza mitumba Gikomba, si kwa sababu hana akili ya kuendelea na chuo, ila hakuna aliyemshika mkono kutoka geti la Kamiti hadi geti la chuo. Na si mbali, Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko upande ule ule wa jiji.

Afande Mstaafu

Huyo wa Kenya kasema kitu. Sisi kazi yetu iliisha getini. Nauli ya kumfikisha kwao, basi. Nilikuwa na kijana mmoja, alifanya mitihani akiwa ndani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu vizuri kuliko shule ya kata iliyokuwa jirani yetu. Nilijivunia kama wangu. Siku anatoka nilimpa mkono na elfu kumi. Sikufikiria kumuuliza anakwenda kwa nani. Nimefikiria hilo nikiwa nimeshastaafu, nakaa na kuku zangu.

Namba ya Zamani

Nimerudi. Niliahidi kuendelea, na mzee wa kochi na afande wamenirahisishia.

Jina langu la humu lina kisa. Siku ya kwanza darasani ikapita karatasi ya mahudhurio, jina na namba ya usajili. Nikaandika jina, nikaandika namba. Nikapitisha. Ilipofika mstari wa nne mbele yangu ndipo nikatambua nimeandika namba ya gerezani. Nikainuka kuifuata, mhadhiri akauliza kuna nini, nikasema nimekosea. Nikaifuta kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nikatoka nje, nikavuka barabara, nikaazimia kutorudi.

Mbele ya geti kulikuwa na mzee wa fotokopi. Akaniangalia nilivyosimama, mikono nyuma. Akaniuliza, "Ulikaa wapi?" Nikadhani anauliza mtaa. Akasema, "Hapana, ulikaa wapi." Naye alikaa, zamani, miaka minne. Akanipa kigoda na chai, hakunishauri kitu. Saa nane akasema kipindi cha pili kinaanza, nenda, ukitoka uje unisaidie kubana hizi karatasi. Nilimbania karatasi miaka mitatu. Vitini vyote nilivyosoma ni nakala zake zilizoharibika, zile zilizotoka na mstari mweusi katikati.

Kuhusu ile miaka sita, asitunge. Nilijaribu kusema nilikuwa Msumbiji kwa biashara. Darasani kulikuwa na kijana aliyekulia Pemba ya Msumbiji akaanza kuniuliza mitaa. Sasa nasema, "Nilikuwa na matatizo ya kisheria, yameisha." Wengi wanaishia hapo. Anayeendelea kuuliza, aidha ni mbea aidha ni mwenzetu.

Mimi niko Mwanza kila mwisho wa mwezi. Dada njoo PM, nitakuja Mwaloni. Sina pesa ila najua ofisi zilipo.

Kigoda Mbele

Huyo mzee wa fotokopi bado yupo?

Namba ya Zamani

Alifariki. Mashine anayo binti yake, na mstari mweusi bado upo.

Dada wa Kitangiri

Nimerudi na mrejesho, ni wiki ya tano sasa.

Namba ya NIDA imetoka. Laini tumesajili kwa jina lake, ile jioni alimpigia kila mtu aliyemkumbuka, wengi namba zao nazo zimekufa. Mwenyekiti wa mtaa kagoma kidogo, Afande akaniambia kwa PM niende na ile karatasi ya getini nimwonyeshe kifungo kimekwisha, akasaini bila kuku.

Tulikaa kikao cha ukoo. Stashahada ya kutwa hatuiwezi kwa mwaka huu. Kaamua aende kituo cha Huria kwanza aulize maendeleo ya jamii, sheria kasema ataifikiria, maneno ya mwalimu yalimkaa. Asubuhi ananibebea dagaa, mchana anakwenda maktaba ya mkoa. Mkutubi kamzoea, kwa sababu anafika kabla haijafunguliwa.

Namba ya Zamani alikuja. Waliongea nyuma ya vichanja saa tatu nzima, mimi nilifukuzwa. Kaka wa Buguruni, mdogo wangu alisoma ulichoandika. Hakusema kitu, ila alirudia kukisoma.

Chuma cha Pua, asante kwa simu uliyotuma na basi. Nilikuwa nimekufikiria vibaya.

Chuma cha Pua

Ilikuwa imekaa tu kabatini, kioo kina ufa. Usinitangaze.

Dada wa Kitangiri

Namba ya Zamani, ana swali, kaona aibu kukuuliza siku ile. Anasema: siku uliyorudi darasani ulikaa wapi?

Namba ya Zamani

Nyuma kabisa, kiti cha karibu na mlango. Wiki ya tatu nikasogea katikati, feni ya huko nyuma ilikuwa mbovu.